Paka anapotapika na kuacha kula: tusisubiri siku ya tatu

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa kwenye kamati za misikiti yetu, yapo yanayowahusu wanyama wa nyumbani, na la paka hurudi mara kwa mara. Mtu huuliza: paka wetu ametapika juu ya mswala, je, mswala umenajisika? Akishajibiwa, hushukuru akaondoka. Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo kwa paka mwenyewe ndilo zito zaidi: kwa nini ametapika, na mbona tangu jana hajagusa chakula? Makala haya yanakusudia kuyajibu yote mawili, kwa kuwa dini iliyotufundisha twahara ndiyo hiyo hiyo iliyotufundisha huruma.

Hukumu ya paka na hukumu ya matapishi

Kabsha binti Kaab bin Malik amesimulia kuwa Sahaba Abu Qatada (RA), ambaye ni mkwewe, aliingia kwake naye akamwekea maji ya udhu. Akaja paka akitaka kunywa, Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha akimtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (SAW) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Hadithi hii imo katika mapokezi ya Imamu Malik, Abu Dawud na Tirmidhi. Kwa hiyo paka mzima ni twahara, na mate yake ni twahara.

Matapishi ni jambo jingine. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kilichofika tumboni kisha kikarudi ni najisi, kiwe cha mtu au cha mnyama. Kutwaharisha si kazi kubwa. Ondoa kwanza kile kinachoonekana, kisha mimina maji safi mpaka rangi na harufu viondoke. Kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ni hukumu ya mbwa na nguruwe, si ya paka.

Lakini kabla hujayafuta matapishi hayo, yatazame vizuri. Paka hana ulimi wa kushtakia maumivu yake, na hayo ndiyo maelezo ya kwanza atakayokupa.

Matapishi yanaeleza nini

Ukiona bonge la manyoya yaliyosokotana, hayo ni manyoya aliyoyameza alipokuwa akijilamba. Ikitokea mara moja moja, na baada yake paka akarudi kula na kucheza, hapana shaka kubwa. Chakula kizima kilichorudi mara tu baada ya kuliwa mara nyingi huonyesha kuwa amekula kwa pupa. Mgawie kidogo kidogo. Minyoo ikionekana, anahitaji dawa ya minyoo itolewayo kwa kipimo cha uzito wake. Povu jeupe au maji ya njano ni dalili kuwa tumbo ni tupu, na hapo uulize ni lini alikula mara ya mwisho. Damu, au kitu cheusi mfano wa masimbi ya kahawa, ni jambo la kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nyumba zinazoshona nguo au kutunga kofia zichukue tahadhari zaidi. Paka hupenda kuchezea uzi, na huweza kuumeza pamoja na sindano. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute, kwani huenda umenasa chini ya ulimi au tumboni, na kuuvuta kunaweza kuyakata matumbo. Mwachie daktari kazi hiyo.

Roho ya paka si ngumu kama tusemavyo

Waswahili humwambia mtu asiyekufa upesi kuwa ana roho ya paka. Usemi huo umetufanya tumwone paka mgonjwa akijikunja pembeni, tukasema atapona mwenyewe. Ukweli ni kwamba paka ni dhaifu mno mbele ya njaa. Asipokula, mwili wake huanza kuyatoa mafuta uliyoyahifadhi na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa wingi huo. Mafuta hujaa ndani yake, nalo likashindwa kufanya kazi. Siku mbili au tatu za kutokula zinatosha kuyaanzisha maradhi hayo, na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Dalili yake ni umanjano kwenye fizi, ndani ya masikio na katika weupe wa macho.

Maana yake ni kuwa hata kama ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mdogo, njaa yenyewe hugeuka kuwa ugonjwa wa pili, nao ndio unaoua. Kanuni ya kuishika nyumbani ni hii: paka mkubwa akitimiza saa 24 bila kula, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Mtoto wa paka asingojewe hata muda huo, kwa kuwa huishiwa nguvu na maji mapema. Tena upo ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya paka wachanga na kuwaua wengi, na kinga yake ni chanjo.

Zipo hali zisizongoja hata saa moja: anayetapika mfululizo na kushindwa kubakisha maji, anayetetemeka au kuyumba, anayesadikiwa kula sumu ya panya au panya aliyekufa kwa sumu, na paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo. Wengi hudhani huyu wa mwisho amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba, naye anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kama ni sumu, nenda na pakiti yake, kwani tiba hutofautiana kwa aina ya sumu.

Huduma ya nyumbani

Ikiwa paka mkubwa ametapika mara moja au mbili na bado ni mchangamfu, mpumzishe na chakula kwa saa chache tu. Mpe maji safi kidogo kidogo. Kisha mchemshie kipande cha kuku kisicho na mifupa, bila chumvi, bila viungo, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa maana vitunguu huharibu damu ya paka. Mpe kiasi cha kijiko kimoja kikiwa vuguvugu, kwani paka huvutwa na harufu kabla ya ladha. Akiwa na mafua pua ikaziba, huacha kula kwa sababu hasikii harufu. Mpanguse pua kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi.

Mshike ngozi ya mgongoni, uivute juu taratibu, uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, na fizi zikawa kavu zenye kunata, ameishiwa maji mwilini.

Usimmiminie uji wala maziwa mdomoni kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Maziwa si dawa ya sumu, na paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Na muhimu kuliko yote, usimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, tunachompa mtu mzima akiumwa kichwa, kinatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Fizi zake hubadilika kuwa za kahawia, uso ukavimba, pumzi ikamwisha. Aspirini na ibuprofeni nazo humdhuru vikali.

Je, ni halali kumgharamia paka?

Huulizwa pia kama inafaa kutumia fedha kumtibu paka ilhali wapo binadamu wenye shida. Hapana shaka kuwa watoto na wazazi wanatangulia. Lakini mmiliki wa mnyama amebeba wajibu wa kumlisha, na haki ya mmoja haifuti haki ya mwingine. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka. Kosa lililotajwa ni kumfungia bila kumlisha, wala kumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Paka mgonjwa naye amefungwa, ila kamba yake ni maradhi. Hawezi kuwinda, hawezi kwenda jaani, hana wa kumtegemea isipokuwa wewe.

Asiye na uwezo mkubwa aanze kwa afisa mifugo wa kata yake, amweleze dalili na kumwomba ushauri. Mara nyingi sindano ya kuzuia kutapika na maji ya kuongezwa mwilini, vikitolewa mapema, huokoa gharama kubwa ya baadaye. Dawa ya minyoo na chanjo ni nafuu kuliko matibabu.

Mtume (SAW) alipompita ngamia aliyekonda hata tumbo limegandana na mgongo, aliwaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu kuhusu wanyama hawa wasiosema. Kumcha Mungu huko kunaweza kuanza kwa kazi ndogo ya kumkabidhi mmoja wa watoto. Kila jioni, kabla ya Magharibi, aangalie sahani ya paka, kisha awaambie wazazi kama amekula au hakula. Wakiisikia "hakula" jioni mbili zikifuatana, wasiingoje ya tatu.

Wabillahi tawfiq.