Kila komande na fishi yake

Koperative ikipata komande mbili, unga wa uji kwa shule na unga wa mihogo kwa soko la Kadutu, musichanganye gharama. Fungueni fishi kwa kila komande, muandike vitu vitatu:

- mali ghafi, mifuko na usafiri;
- malipo ya wafanyakazi;
- sehemu ya kodi na mafuta, kufuatana na saa za mashine.

Tuseme komande ya shule ni kilo 100: mali ghafi dola 70, kazi 20, sehemu ya kodi na mafuta 20. Jumla 110, ni kusema dola 1,10 kwa kilo. Mukiuza kwa dola 1, munapoteza dola 10, hata kama sanduku limejaa. Jazeni fishi siku ileile, na muiangalie mbele ya kupatana bei ingine.