Mkono wa Idi Baada ya Mto Lumi

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga. Watu wa Taveta wanaijua methali hii kwa uzito kuliko sisi tunaoisema tukiwa tumekaa barazani. Mto Lumi huanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, hupita Taveta, kisha huingia Ziwa Jipe. Mvua ikipiga huko juu mlimani, mto huweza kuja umejaa hata kama Taveta yenyewe haikupata tone. Masika ya 2018 ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani na mashambani, watu wakahama na watoto wao. Katika masika ya 2024 sehemu nyingi za Kenya zilionja msiba wa namna hiyo. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, na skule ambazo zingefunguliwa mwisho wa Aprili hazikufunguliwa mpaka tarehe 13 Mei.

Maji yakisha kushuka, kila mwenye imani huuliza habari ya unga, mablanketi, dawa na mabati. Ndivyo ipasavyo. Lakini liko swali ambalo huulizwa mwisho, au haliulizwi kabisa: je, watoto watacheza lini? Hoja yangu leo, ndugu msomaji, ni kwamba mtaa uliopatwa na mafuriko wahitaji uwanja wa sikukuu ya watoto, tena mapema, na kwamba njia ya kuuandaa twaijua tangu zamani.

Najua atakayeguna. Atasema, watu hawana pa kulala, nanyi mwataka mapembea? Mtu huyo na akumbuke tuliyosomeshwa chuoni. Siku ya Idi, Mtume (S.A.W.) aliwaachia Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akitazama. Na Sayyidna Abubakar alipowakaripia wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani, aliambiwa awaache, kwani ilikuwa siku ya Idi. Madina ya siku zile haikuwa mji wa watu walioshiba, wala haikuwa na amani. Na walimwengu nao, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, waliandika kuwa mchezo ni haki ya mtoto. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1990.

Basi twende kwenye kazi yenyewe. Aliyekulia Mombasa anaijua Makadara siku ya Idi, na aliyekulia Unguja anaijua Mnazi Mmoja. Mtoto huvaa nguo mpya, huzunguka kwa wazee akipewa mkono wa Idi, kisha hukimbilia uwanjani na senti zake mkononi. Siri ya uwanja ule ni zile senti, wala si pembea. Mtoto hasimami kwenye foleni akingojea kugawiwa. Yeye mwenyewe ndiye mnunuzi. Huchagua kashata au mabuyu, hukosea hesabu, hujuta, hucheka. Mtoto ambaye kwa wiki nyingi amekuwa akipokea alichopewa, huyo ndiye mwenye haja zaidi ya kuchagua.

Kwa hiyo wazee wa mtaa watakaotaka kuandaa siku hiyo Taveta waanze na mkono. Tuseme wana watoto 200, na kila mmoja apewe shilingi 50. Hizo ni shilingi 10,000. Ikiwa pesa taslimu zaleta wasiwasi, zikatwe kadi ndogo zenye muhuri, na jioni wauzaji wazilete wabadilishiwe. Nao wauzaji wawe ni akina mama wa mtaa uleule, wale ambao maji yalichukua karai na unga wao. Wapike kaimati, viazi vya karai, mihogo na ndizi, kwani Taveta ni nchi ya ndizi. Hivyo shilingi moja itafanya kazi mara mbili: itamfurahisha mtoto, na itamrudisha mama kwenye biashara yake.

Vitu vya msaada visigawiwe siku hiyo, wala pasiwe na hotuba ndefu, wala mtoto asipangwe mstarini apigwe picha ili mfadhili aonekane. Na kwa kuwa Taveta si mji wa Waislamu peke yao, mkono uwe wa kila mtoto wa mtaa. Maji hayakumwuliza mtu dini yake.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Mwaka 2018 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia katikati ya Juni, na mwaka 2024 Idi ya Mfungo Tatu vilevile, masika yakiwa yamepita. Lakini mwezi wetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na Idi huweza kuangukia ndani ya mvua. Ikiwa hivyo, ngojeni ardhi ikauke. Isiwe Jumatano wala Jumamosi, siku za soko, ambapo akina mama wako kwenye biashara.

Uwanja uwe mahali pa juu, mbali na mto. Asubuhi vijana waufagie, waondoe misumari na vigae, wafukie vidimbwi, watazame nyoka vichakani. Kamba ya pembea ijaribiwe na mtu mzima kwanza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa kipindupindu hupenda kufuata mafuriko. Na shughuli ifungwe kabla ya magharibi, kila mtoto akabidhiwe kwao.

Michezo ni ileile: ukuti, kibe, nage, kuruka kamba, tiara. Huenda mkawaona watoto wakicheza mafuriko, huyu akiwa mto, yule akiwa nyumba inayoanguka. Msiwakataze. Mtoto hana maneno ya kueleza hofu yake kama mtu mzima, basi huieleza kwa mchezo.

Mwisho nasema hivi. Ili kugawa mkono kwa haki, hapana budi kamati ipite nyumba hadi nyumba, iandike jina la kila mtoto na mahali alalapo. Daftari hilo lisitupwe baada ya sikukuu. Masika yatarudi, na Lumi utajaa tena. Usiku huo, mtaa uliowahesabu watoto wake kwa ajili ya kashata utajua upesi ni yupi hajaonekana, na ni mlango upi wa kwenda kugongwa.