Bao la Nyamagana na Betri za Kibondo

Katika daftari la mwalimu mmoja mstaafu wa Kasulu, aandikaye kwa mkono wasifu wa Sunday Manara, nilikuta ukurasa mzima umetengewa mtu ambaye hakuwapo uwanjani: mzee wa Kibondo aliyeishiwa betri za redio kabla mechi haijamalizika.

Mechi yenyewe wapenzi wa kandanda hawahitaji kuhadithiwa kwa kirefu. Tarehe 10 Agosti 1974, katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16, Gibson Sembuli akaisawazishia Yanga dakika ya 87, na katika muda wa nyongeza, dakika ya 97, Manara, yule waliyemlakabu Kompyuta, akatia bao la ubingwa. Miaka mitatu baadaye alikuwa Uholanzi, akiichezea Heracles ya Almelo, Mtanzania wa kwanza kupokea ujira wa soka barani Ulaya.

Mzee yule, kama alivyomsimulia mwalimu, alikuwa amezianika betri zake juani kwenye ungo tangu asubuhi, ili zipate nguvu za kumfikisha jioni. Majirani wakamzunguka, sauti ya mtangazaji ikawa inakuja na kupotea, ikakonda, hata ikafa Simba ingali mbele. Basi wakaondoka na matokeo hayo ya moja bila, wakayalalia, wakatamba nayo kilabuni, mpaka siku ya tatu lilipofika lori la maharage kutoka Kasulu na habari nyingine. Nayo ikakataliwa, kwa kuwa utingo aliyeileta alijulikana kuwa ni Yanga, na mwenye kesi hawi shahidi.

Mwalimu anasema ustadhi wake katika kazi hii ni Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji, wala si sultani. Daftari lake lina safu tatu: lililosemwa, aliyelisema, na mahali alipokuwa. Swali lake la awali ni lile lile kwa kila mtu: uliona, au ulisikia? Huku nyanda za juu aghalabu walisikia. Tarehe nazo watu huzipima kwa Operesheni Kigoma ya 1972, walipohamishiwa vijijini, na yeyote aiwekaye mechi ya Nyamagana kabla ya kuhama, mwalimu humshukuru kwa adabu na kumfuta. Juu ya bao lenyewe amepewa kichwa, amepewa mguu wa kushoto, amepewa mpira uliodunda. Naye hataandika hata kimoja mpaka ayaone magazeti ya Uhuru ya juma lile kwa macho yake.

Nilimshauri autoe ukurasa wa betri, maana kitabu ni cha Manara. Alikataa kwa upole, akisema kuwa maelfu walimjua mchezaji huyo pasipo kumwona hata siku moja, na akiwaondoa hao, sifa ya Manara ataisimulia kwa ushahidi wa nani? Sina yakini kama hoja hiyo yatosha. Manara mwenyewe akiusoma ukurasa huo, atajiona humo?

Mzee wa Kibondo, ambaye ni Simba wa damu, amemwambia mwalimu kwamba bao la dakika ya 97 amelikubali. Hilo la Sembuli ndilo angependa liulizwe upya.