Rafu ya bei poa kwa vinyago: msirudie kosa langu



Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Marehemu babu aliniachia kinyago kimoja cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kama mnara. Nikaanza kuongezea vidogo vidogo kutoka Mwenge hapa Dar, hadi vikafika kumi na vinne. Vyote nikavipanga kwenye ubao mmoja wa chipubodi wa futi sita ukutani. Usiku mmoja nikasikia kishindo, paaa! Kinyago cha babu kikavunjika mkono. Niliumia jamani, acheni tu.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza mafundi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza uzito. Mpingo si mti wa mchezo, ni mzito kuliko maji, ukiutupa kwenye ndoo unazama. Kipande cha sentimita kumi kila upande kinapita kilo moja. Sasa piga hesabu ya vinyago kumi na vinne.

Pili urefu wa ubao kati ya nguzo na nguzo. Mzigo uleule ukiuweka katikati ya ubao wa futi sita, unapinda mara nane zaidi ya ule wa futi tatu. Unene nao hivyohivyo: ukiuongeza mara mbili, kupinda kunashuka hadi moja ya nane. Kwa hiyo kabla hujanunua ubao wa bei mbaya, ongeza nguzo katikati. Ni rahisi zaidi.

Tatu aina ya ubao. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyogandamizwa na gundi. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu inavimba, skrubu zinalegea. Mimi ndipo nilipoumia. Plaiwudi au mbao za msonobari zilizokauka vizuri zinavumilia zaidi. Na ukutani tumia fisha na skrubu ndefu, siyo misumari.

Kama mfuko umetoboka, njia ni tatu:

1. Rafu ya wazi ya msonobari. Ndiyo rahisi kuliko zote, fundi yeyote wa mtaani anaitengeneza. Ubaya wake ni vumbi, kila wiki unafuta.

2. Shokesi ya mtumba kutoka duka linalofungwa. Kagua bawaba, tikisa kabati lote, angalia vumbi la unga kwenye pembe, maana hiyo ni dalili ya wadudu.

3. Kabati jipya la alumini na vioo. Linapendeza ile mbaya na wadudu hawalili, ila bei yake imechangamka. Vioo vya rafu viwe vinene na kingo zisuguliwe. Vizito viweke chini kabisa.

Usisahau pa kuliweka. Jua la dirishani linakausha kinyago upande mmoja na kinapasuka. Ukuta unaovuja nao haufai. Na kinyago kipya kikae peke yake wiki kadhaa kwanza. Kikidondosha unga, basi kina wadudu, na pengine hata si mpingo, ni mti mweupe uliopakwa kiwi. Mpingo wa kweli uzito wake utausikia mkononi.

Mimi nilichukua namba mbili. Shokesi ya mtumba, vioo vya katikati nikavitoa nikaweka plaiwudi yenye nguzo kila futi moja na nusu. Kinyago cha babu kiko rafu ya chini kabisa. Ule mkono bado nimeutunza kwenye bahasha, natafuta mchongaji mwenye subira.

Mwenye kumjua, au mwenye ujuzi zaidi ya huu wangu wa kuungaunga, amwage hapo chini tufaidike wote.

Nawasilisha.