Mchoraji wa Vijidudu

Watoto, papasi mnamjua. Wengine humwita kimputu. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo. Usiku hutoka, hufyonza damu ya mtu aliyelala, kisha hurudi mafichoni.

Daktari Dutton, Mwingereza, alipita nchi hii pamoja na mwenzake Todd wakichunguza homa ya papasi. Wakathibitisha kwamba mdudu huyo ndiye anayeileta. Homa hiyo iliwapata wenyewe, na Dutton akafa hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu cha homa hiyo huitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Lakini kijidudu hicho nani amekiona? Macho matupu hayakioni, ila kwa hadubini. Mchunguzi akikiona peke yake, watu wa kijijini watajuaje? Lazima kichorwe.

Mchoraji wa namna hii hapambi kitabu tu. Mtazame papasi: ana miguu minane, hana macho, na kinywa chake kiko chini ya mwili, hata ukimtazama kwa juu hukioni. Asiyejua atamchorea miguu sita na kinywa mbele. (Picha ya hivyo nimeiona, kitabu sikitaji.) Basi msomaji atawinda kunguni, na papasi atabaki ukutani.

Ndiyo maana baadhi ya wachoraji hao walikuwa kwanza wachunguzi. Drew Berry wa Australia alisomea chembe za mwili, akazoea hadubini. Mwaka 1995 alianza kutengeneza picha zinazokwenda, kama sinema, katika nyumba ya utafiti ya Walter and Eliza Hall, mjini Melbourne. Elimu yake hakuitupa, alibadili chombo. Kabla ya kuchora husoma maandiko ya wachunguzi, apate kujua kipimo, umbo na mwendo wa kila kitu, maana kompyuta huchora uongo vizuri sawasawa na kweli.

Katika picha zake za malaria, mbu anauma. Vijidudu vinafuata damu mpaka kwenye ini, vinazaana humo, kisha vinatoka na kuvamia chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zinapopasuka nyingi kwa wakati mmoja, ndipo mgonjwa wa Kabambare anapotetemeka chini ya blanketi zake.

Rangi tu ndizo anazochagua mwenyewe, kwa kuwa vitu vilivyo vidogo kupita kiasi havina rangi.