Maniema: Saa ya Kinshasa ikiwekwa kwenye serva ya kiwanda, kumbukumbu zinadanganya

Inapofika saa sita kamili ya mchana Kasongo na Kabambare, Kinshasa ni saa tano tu. Kinshasa na majimbo ya magharibi yanatangulia saa ya kimataifa, UTC, kwa saa moja. Maniema, Kivu, Katanga na Kasai yanaitangulia kwa saa mbili. Msafiri anasogeza mshale na mambo yamekwisha. Lakini kwa fundi anayetengeneza serva ya kiwanda, tofauti hiyo inaweza kumtwisha mtu kosa lisilo lake.

Salamabila, katika eneo la Kabambare, kuna mgodi wa Namoya, ambako kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2016. Kiwanda cha dhahabu cha namna hiyo huwa na pampu, matangi na jenereta. Vifaa vinapoongozwa na kompyuta, serva hukusanya habari zake na kuandika saa ya kila tukio.

Tuseme umeme umekatika 10:04, na pampu ikasimama dakika moja baadaye. Ikiwa kifaa cha pampu kinafuata saa ya Kinshasa, kitaandika 9:05. Mchunguzi atasoma kwamba pampu ilisimama karibu saa nzima kabla ya umeme kukatika, na mtu wa zamu atalaumiwa bure.

Kosa linaanzia kwenye orodha ya miji. Linux ina majina mawili ya Kongo: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Fundi wa Maniema anatakiwa kuchagua Lubumbashi. Kwenye Windows anachagua mstari wa Harare na Pretoria, kwani saa yao ni moja na ya Maniema.

OPC UA, lugha ya pamoja ya mashini za viwanda, huhifadhi saa kwa UTC. Saa ya mahali huonyeshwa kwenye kioo tu. Tena inatenganisha saa ya chanzo, kifaa kilipopima, na saa ya serva. Mawasiliano yakikatika kisha yakarudi, saa ya chanzo ndiyo inayoeleza tukio lilitokea lini, mradi saa ya kifaa iwe sawa.

Kwa hiyo vifaa vyote vifuate saa moja. Pale intaneti inapokatika mara kwa mara, kipokezi cha GPS kinatosha kuleta saa ya setilaiti.

Kisha fundi ajaribu: azime pampu moja, aangalie saa ya mkononi, na asome serva imeandika nini.