Sanduku la Chakula Chini ya Trela

Wengi wetu katika mitaa ya Changamwe, Miritini na Mikindani ni wake, dada au mabinti wa madereva wa masafa marefu. Saa ya kuondoka twaijua, na simu ya kutoka Malaba twaingoja, lakini tukiulizwa jana usiku alikula nini, hatuna jibu. Twasema tu kwamba atakula njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya 900. Mtito Andei, katikati ya Mombasa na Nairobi, mwenye gari dogo hunywa chai akaenda zake. Kwa mwenye shehena, huenda hicho ndicho chakula cha kwanza tangu nyumbani: chapati, ndengu, chai iliyokolea sukari, na soda ya kuondoka nayo. Makindu, hekalu la Masingasinga huwapa chakula bure wasafiri wa dini zote, nacho hakina nyama. Wapo madereva wetu wanaokula hapo kwa nafsi tulivu.

Nyama ndiyo yenye mashaka. Neno "Halali" lililoandikwa ukutani halichinji mbuzi. Dereva mwangalifu huuliza ni nani aliyechinja, na kikaangio kilitumika kwa nini kabla ya yai lake. Baada ya Malaba, nyama ya nguruwe huuzwa waziwazi kando ya barabara, na wengi hurejea kwenye maharagwe, matoke na samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa.

Wenye busara hupika wenyewe. Chini ya trela huwa na sanduku lenye jiko dogo la gesi, sufuria mbili, unga, mchele na vitunguu. Foleni ya mpakani ikikwama, dereva na utingo wake husonga sima kivulini mwa gari. (Wanaobeba mafuta hawathubutu, wala wasithubutu.)

Sisi nasi tufunge nini? Mbaazi za nazi tuziache, maana tui huchacha upesi katika joto la kebini. Mahamri ni ya siku ya kwanza. Vinavyodumu ni ng'onda wa kukaanga, achari ya ndimu, tende, njugu, na nyirinyiri, nyama ya majirani zetu Waborana na Wasomali, inayokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hiyo hukaa majuma mengi bila friji.

Tusidhani haya ni mambo ya ladha tu. Mtu anayekaa kitini mchana kutwa, akala vibanzi usiku wa manane na kushushia soda, anakiita kisukari kwa jina lake. Maji hawanywi, wasije wakalazimika kusimama. Mkojo ukikolea hivyo kila siku, mawe ya figo hupata pa kuanzia. Na miraa huua njaa na kufukuza usingizi kwa muda, kisha mwili ukadai haki yake ghafla, usukani ungali mkononi. Hili la mwisho ndilo tuliogopalo zaidi, na ndilo tunaloliuliza kwa nadra.

Ramadhani ina hesabu yake. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, msafiri ameruhusiwa asifunge, alipe siku nyingine. Lakini aliye safarini mwaka mzima hulimbikiza deni. Jirani yetu mmoja huandika nyuma ya kalenda ya jikoni kila siku ambayo mumewe hakufunga, na baba akirudi mapumzikoni hufunga naye, wakafuturu pamoja kwa uji wa pilipili manga.

Sanduku likirudi, twalifungua kabla ya kuliosha. Tende zimekwisha, alhamdulillahi. Ng'onda amebaki nusu. Na chini kabisa, zimefunikwa kwa gazeti, chupa tatu za soda.